Louis Rwagasore: Siku Kumi na Tano za Waziri Mkuu

Wengi wetu tunalijua jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore kwa sababu ya kifo chake. Kila tarehe 13 Oktoba Burundi humkumbuka, viongozi hupanda kilima cha Vugizo kuweka mashada ya maua juu ya kaburi lake, na watoto wa shule husimuliwa kwamba alipigwa risasi kando ya ziwa. Lakini ni wachache wanaosimuliwa kwamba mtu huyu naye alikwisha kushindwa katika uchaguzi, tena kushindwa vibaya, mwaka mmoja kabla ya kufa. Kwa hiyo tumekusudia kuyaeleza maisha yake tukiangalia zaidi jambo hilo: yeye alifanya nini aliposhindwa, na wapinzani wake walifanya nini ilipofika zamu yao.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa IV na Thérèse Kanyonga. Babaye alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo asiyejua hata maana ya ngoma iliyopigwa kwa heshima yake, na nchi ikaendeshwa kwa miaka mingi na wazee wa ukoo. Hapo ndipo penye mzizi wa habari yetu. Baganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme, walikuwa wamegawanyika makundi mawili makubwa. Bezi walikuwa uzao wa Mwami Mwezi Gisabo, na Batare walikuwa uzao wa Mwami Ntare Rugamba aliyetangulia. Bezi walikuwa na kiti. Batare walikuwa na kumbukumbu ya kiti. Mkubwa wa Batare katika zama za Wabelgiji alikuwa Chifu Pierre Baranyanka, mtu mwerevu, mlimaji mashuhuri wa kahawa, kipenzi cha serikali ya kikoloni. Wanawe wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, walipata elimu ambayo Warundi wa wakati ule waliweza kuihesabu kwa vidole. Msomaji ayashike majina hayo mawili.

Rwagasore alisoma Astrida, katika shule ile iliyowalea watumishi na machifu wa Rwanda na Burundi, na mwaka 1951 akapelekwa Ubelgiji katika chuo cha mambo ya makoloni huko Antwerp. Alirejea mwaka 1956. Watawala walimtazamia awe chifu mtiifu, mwenye suti nzuri na gari, anayesaini makaratasi. Yeye akateremka Buyenzi.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa maana Buyenzi ndiyo iliyomfanya Rwagasore awe kiongozi wa watu badala ya kuwa mwana wa Mwami tu. Mitaa ya Waafrika ya Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa siku zile, haikuwa chini ya chifu yeyote. Wakazi wake walikuwa wachuuzi, mafundi, madereva, wavuvi na washonaji, wengi wao Waislamu, wasemaji wa Kiswahili, watu wenye jamaa Ujiji, Uvira na Kigoma. Katika macho ya wakubwa wa vilimani, mtu wa Buyenzi hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wazungu, Wagiriki na Waasia, na mchuuzi Mwafrika alinunua kwa bei aliyopangiwa na kuuza kwa bei aliyopangiwa. Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara ili wanunue pamoja na kuuza pamoja. Tuseme kweli: ushirika ule haukufanikiwa. Madeni yalizidi mapato, hesabu hazikutunzwa ipasavyo, na serikali ya kikoloni, ambayo haikupenda kumwona mwana wa Mwami akiketi na wachuuzi, haikuwa na haraka ya kuunusuru. Lakini fedha ziliyeyuka, urafiki ukabaki. Watu wa Buyenzi, wanaume kwa wanawake, ndio waliokuja kuwa msingi wa chama chake katika mji.

Chama hicho ni UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa. Kilipoanza mwaka 1958 kilikuwa karibu na baadhi ya machifu, akiwamo Léopold Bihumugani, ambaye wengi walimwita Biha. Rwagasore alipokishika alikigeuza. Alidai uhuru upesi na ufalme unaotawala kwa katiba, akataka Wahutu, Watutsi na Baganwa wakae katika safu moja. Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu, na katika nchi ambayo ndoa ya mwana wa Mwami ni jambo la serikali, tendo hilo lilisema zaidi ya hotuba. Ng'ambo ya ziwa alifanya urafiki na Mwalimu Nyerere na chama cha TANU. Upande wa magharibi alijuana na Patrice Lumumba. Urafiki huo wa pili ulitosha kumfanya aandikwe katika mafaili ya Wabelgiji kuwa ni Mkomunisti, ingawa mtu anayetaka babaye abaki kwenye kiti cha enzi ni Mkomunisti wa namna ya ajabu.

Mapema mwaka 1960 wana wa Baranyanka nao wakaunda chama chao, PDC, chama cha Kidemokrasia cha Kikristo. Hicho hakikuwa na haraka ya uhuru, na watawala walikipenda kwa sababu hiyo. Hivyo ugomvi wa kale wa Bezi na Batare ukavaa nguo mpya za vyama, kadi na bendera. Hatudai kwamba kila mwanachama wa PDC alikuwa mtu wa Batare, wala kila wa UPRONA mtu wa Bezi, la hasha. Lakini huko juu, kwa viongozi wenyewe, hesabu ya ukoo haikusahaulika hata siku moja.

Mwezi Agosti 1960, katika mkutano wa Brussels, iliamuliwa kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishiriki siasa. Hakukuwa na haja ya kutaja jina. Mwishoni mwa Oktoba, uchaguzi wa mabaraza ya wilaya ndogo ukiwa mlangoni, Rwagasore alizuiliwa nyumbani kwa amri ya serikali, asitoke wala asihutubie, na hakuachiliwa mpaka Desemba, kura zilipokwisha kupigwa. PDC ilipata viti 942, UPRONA viti 545, kati ya viti 2,876. Kwa ushindi huo serikali ya muda iliundwa Januari 1961 chini ya Joseph Cimpaye, na Ntidendereza akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Basi mtu ameshindwa, tena ameshindwa akiwa amefungiwa. Angekuwa na sababu nzuri kuliko wengi za kukataa matokeo kwa nguvu. Sisi tuliopitia shule ya maofisa tulifundishwa kwamba jeshi hupimwa zaidi siku linaporudi nyuma kuliko siku linaposonga mbele: je, safu zinavunjika, au zinaondoka kwa mpangilio ili zikajipange tena? Rwagasore alijipanga tena. Chama chake kilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Burundi haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini, na mdhamini ana mtu wa kumwuliza. Baraza Kuu la Umoja huo lilidai uchaguzi mpya ufanyike chini ya macho ya wajumbe wake, na marufuku ya siasa ikaondolewa. Yeye mwenyewe akapanda vilima. Alikwenda Ngozi, Gitega, Muramvya, Bururi. Akaongea na wakulima kwa Kirundi, na mjini watu wake wakaeneza habari kwa Kiswahili, sokoni na mabarazani. Ilimchukua miezi tisa.

Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walipiga kura. UPRONA ilipata takriban asilimia 80 ya kura na viti 58 kati ya 64. Viti sita tu vilibaki kwa vyama vingine vyote. Katika hotuba yake ya redio baada ya matokeo, mshindi hakushangilia. Aliwaeleza wananchi kwamba ushindi ule haukuwa wa chama kimoja juu ya kingine bali wa utulivu na nidhamu, akawataka wafuasi wake wasiwaguse walioshindwa, na akaomba serikali yake ihukumiwe kwa matendo yake. Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu, mwenye umri wa miaka 29. Katika serikali yake aliwaweka watu wa makundi yote, akiwamo Pierre Ngendandumwe, Mhutu msomi ambaye tutamtaja tena.

Kwa wana wa Baranyanka matokeo yale yalikuwa kama kupokonywa urithi. Miezi kumi tu ilikuwa imepita tangu washinde. Walikuwa wamekaa katika viti vya mawaziri, wamezoea kupigiwa saluti, wameahidiwa au wamejiaminisha kwamba Wabelgiji wasingewaacha. Mtu anayekiona cheo kuwa dhamana anaweza kukirudisha. Anayekiona kuwa mali ya ukoo wake, akinyimwa, huona ameibiwa, na mwizi hutafutiwa dawa yake.

Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore alikuwa akila chakula katika mkahawa wa Tanganyika, kando ya ziwa. Risasi moja ilitoka gizani na kumwua. Aliyeifyatua alikuwa Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, mtumishi wa mfanyabiashara Mgiriki Michel Iatrou, aliyekuwa rafiki wa wakubwa wa PDC. Aliyezoea silaha haoni ajabu katika risasi yenyewe, maana mtu aliyeketi mezani kwenye mwanga ni shabaha rahisi kwa aliyejificha gizani. Jambo la kupima ni habari: nani alijua atakula wapi, saa ngapi, na nani alimleta mpigaji mpaka pale. Kageorgis hakuwa na ugomvi wowote na Rwagasore. Alikamatwa baada ya siku chache, akasema, na nyuma yake wakaonekana Ntidendereza, Biroli, Iatrou, na wanachama wa PDC Antoine Nahimana na Jean-Baptiste Ntakiyica. Waziri Mkuu alikuwa amekaa madarakani siku kumi na tano.

Mahakama ya kwanza, wakati Wabelgiji wangali wakitawala, iliwahukumu kifo watu watatu, Kageorgis, Ntidendereza na Nahimana. Rufaa ikawapunguzia Warundi wawili adhabu iwe kifungo. Kageorgis alipigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, kana kwamba watawala walitaka kulifunga faili kabla ya kukabidhi ofisi. Serikali ya Burundi huru haikukubali lifungwe hivyo. Iliunda Mahakama Kuu mpya, kesi ikasikilizwa tena, na tarehe 15 Januari 1963 Ntidendereza, Biroli, Nahimana, Iatrou na Ntakiyica wakanyongwa hadharani Gitega mbele ya maelfu ya watu. Wako wanasheria waliosema kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja. Hoja yao ina uzito, nasi hatuoni kwamba uovu wa kosa unaiondoa.

Kuhusu mkono wa Wabelgiji wenyewe, mjadala haujaisha. Wakati wa kesi zilezile lilitajwa jina la Roger Regnier, ofisa wa juu wa utawala wao mjini Usumbura, kwamba katika mazungumzo na watu wa PDC baada ya uchaguzi aliashiria kuwa kifo cha Rwagasore kingefaa. Mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi, na mwaka 2021 mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte alitoa kitabu kizima juu ya mauaji hayo.

Lakini waliopoteza zaidi walikuwa wenye chama kilichoshinda. Rwagasore hakuwa ameacha mrithi. André Muhirwa, mume wa dada yake, alichukua uwaziri mkuu; Paul Mirerekano akadai uongozi wa chama; na ubishi wa watu wawili ukageuka haraka kuwa ubishi wa Watutsi na Wahutu, jambo ambalo marehemu alitumia maisha yake kulizuia. Januari 1962 vijana waliojipa jina la Rwagasore waliwashambulia na kuwaua Wahutu mtaani Kamenge. Hakuna tusi kubwa zaidi lililopata kufanyiwa jina lile. Mkutano wa Muramvya wa Septemba 1962 ulimpa Joseph Bamina uenyekiti ili awapatanishe, upatanisho haukudumu. Ngendandumwe, aliyekuwa Waziri Mkuu mwaka 1963 na kurudi tena Januari 1965, aliuawa kwa risasi Bujumbura tarehe 15 Januari 1965, miaka miwili kamili tangu kunyongwa kwa wale wa Gitega, akitoka hospitalini kumwona mkewe aliyejifungua. Mwezi Mei mwaka huo Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge, lakini Mwami akamteua Biha kuwa Waziri Mkuu. Oktoba yakafuata mapinduzi yaliyoshindwa na hukumu za kifo. Mirerekano alikufa kwa hukumu hizo, na Bamina akafuata Desemba. Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero akauondoa ufalme. Mwambutsa aliishia Uswisi, akafa huko mwaka 1977, na huko amezikwa.

Rwagasore hakuacha mtoto. Mabinti wawili aliowazaa na Marie-Rose walikufa wakiwa wachanga, na mjane wake akafariki mwaka 1973. Kwake Vugizo, ukisimama kwenye kaburi, unaliona ziwa lote, na chini yako unaziona paa za Buyenzi, ambako mpaka leo wako wazee wanaoeleza wazazi wao walisimama wapi siku alipopita.