MTOZA KODI ALIYEJENGA SHULE: MAISHA YA BLANCHE KELSO BRUCE

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katika mkutano wetu uliopita, wakati wa chakula cha jioni, nilijitambulisha kuwa mimi ni ofisa wa mapato katika halmashauri ya wilaya. Meza nzima iliangua kicheko, na tangu saa ile nikawa naitwa Zakayo. Sikukasirika, kwani utani wa watu waliolala bweni moja hauna ugomvi. Lakini niliporudi nyumbani nilijiuliza kama kweli kazi hii haina hata mtu mmoja ambaye jina lake laweza kutajwa kwa heshima. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja ambaye habari zake nilizisoma kwa mara ya kwanza nilipokuwa chuo kikuu. Darasani kwetu tulifundishwa vita vya Marekani na kukomeshwa kwa utumwa, ila yeye hatukumsikia. Naomba nafasi hii nimweleze.

Blanche Kelso Bruce alizaliwa mtumwa tarehe 1 Machi, 1841, karibu na mji wa Farmville katika jimbo la Virginia. Mama yake, Polly, alikuwa mtumwa, na inaaminika kwamba baba yake ni yule yule bwana aliyewamiliki. Kijana Bruce alipata bahati ambayo watumwa wengi hawakuipata, nayo ni kusoma pamoja na mtoto wa bwana wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alitoroka, akakimbilia mji wa Lawrence, Kansas, na huko akafundisha watoto weusi. Mwezi wa Agosti, 1863, wapiganaji wa upande wa Kusini waliuvamia mji huo na kuua wanaume wapatao 150. Bruce aliponea chupuchupu. Mwaka uliofuata alifungua shule ya watoto weusi mjini Hannibal, Missouri. Kwa hiyo, kabla hajashika daftari la kodi, mtu huyu alikuwa ameshika chaki.

Mwaka 1869 alihamia Mississippi. Vita vilikuwa vimekwisha, watumwa walikuwa huru, na wanaume weusi walikuwa wamepata haki ya kupiga kura. Palihitajika watu wenye elimu na mwenendo mwema wa kushika ofisi. Alianza kwa kuandikisha wapiga kura katika wilaya ya Tallahatchie, kisha Gavana James Alcorn akamteua kuwa mkadiriaji wa kodi katika wilaya ya Bolivar, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1871 wananchi wa Bolivar walimchagua kuwa sherifu, na kwa sheria ya huko sherifu ndiye pia aliyekuwa mtoza kodi wa wilaya.

Nawaomba wale ambao hawajafanya kazi hii wafikiri kidogo jinsi hali ilivyokuwa. Mkadiriaji ndiye asemaye shamba hili lina thamani gani, na mtozaji ndiye aendaye kudai. Wenye mashamba makubwa ya pamba, waliokuwa wakiuza na kununua watu miaka michache tu iliyopita, sasa walilazimika kupeleka fedha zao kwa mtu aliyezaliwa mtumwa, kusubiri zihesabiwe, na kupokea stakabadhi kutoka kwake. Kwa mtu mwenye kinyongo hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kulipiza kisasi, na kwa mtu mwenye tamaa ilikuwa nafasi nzuri zaidi ya kuiba. Bruce hakufanya hilo wala hili. Alijenga sifa ya kuwa mtu wa haki na wa hesabu zilizonyooka, hata weupe wengi wakamwamini.

Lakini jambo lililonifanya nimwandike ni jingine. Wakati ule ule alipokuwa akitoza kodi, Bruce alikuwa pia msimamizi wa elimu wa wilaya. Shule za umma zilikuwa kitu kipya kabisa huko Mississippi. Zilianzishwa baada ya katiba ya 1868, nazo ziliendeshwa kwa kodi. Weupe wengi hawakuona kwa nini walipe ili mtoto wa mtumwa wao wa jana ajue kusoma, na katika baadhi ya wilaya za jimbo hilo shule za weusi zilichomwa moto. Huko Bolivar, Bruce aliweza kuwashawishi weupe na weusi waunge mkono shule. Watoto walisoma mbalimbali kwa rangi zao, na hilo lilikuwa doa, lakini shule za pande zote mbili zilipewa fedha kwa usawa. Baada ya muda shule za Bolivar zilihesabiwa kuwa miongoni mwa zilizo bora katika jimbo. Zaidi ya hayo, alihariri gazeti la wilaya, na alikuwa katika bodi iliyoshughulikia matuta ya kuzuia mafuriko ya mto.

Naam, hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yangu mwenyewe. Wengi wetu tunaikumbuka ile kodi ya maendeleo iliyofutwa nchini kwetu mwaka 2003. Nilipokuwa mtoto nilimwona baba yangu, mtu mzima na mwenye heshima zake, akitoka alfajiri kwa mlango wa nyuma na kujificha migombani kwa sababu mgambo walikuwa njiani. Wale waliokuja kudai hawakuwahi kurudi kutuonyesha darasa, kisima wala zahanati na kusema hii ndiyo fedha yenu. Mtu wa Bolivar alimlipa Bruce, kisha akamwona Bruce huyo huyo akisimamia shule. Mkono uliopokea ndio uliotoa, na watu wakiuona.

Mwezi wa Februari, 1874, Bunge la Mississippi lilimchagua kuwa mwakilishi wa jimbo katika Seneti ya Marekani, akaanza kazi mwezi wa Machi, 1875. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumaliza kipindi kizima cha miaka 6 katika baraza hilo. Siku ya kuapishwa, kwa desturi, seneta mwenzake wa jimbo humsindikiza mbele. Seneta huyo alikuwa Alcorn, yule yule aliyempa kazi ya kodi, lakini walikuwa wamekosana kwa siasa, naye akakataa kuinuka. Bruce akaanza kwenda peke yake, ndipo Roscoe Conkling wa New York akainuka, akamshika mkono na kwenda naye. Bruce hakusahau wema huo, kwani mwanawe alimwita Roscoe Conkling.

Ndani ya Seneti alidai uchunguzi wa fujo na mauaji yaliyofanywa ili kuwazuia weusi kupiga kura, alipinga muswada wa kuwazuia Wachina kuingia nchini, na aliwatetea Wahindi Wekundu. Mwaka 1879 aliongoza kamati iliyochunguza kuanguka kwa benki ya akiba iliyoundwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1874 huku zaidi ya watu 61,000 wakiwa wameweka humo senti zao. Kamati yake ilifichua uzembe na udanganyifu wa viongozi wa benki. Mtoza kodi wa zamani alikuwa amerudi kwenye kazi aliyoijua: kuuliza fedha za wanyonge zimekwenda wapi.

Hakuwa malaika. Alinunua shamba kubwa la pamba na kutajirika, na baadhi ya weusi wenzake walinung'unika kwamba maisha yake ya Washington yalikuwa mbali mno na yao. Kiti chake hakikudumu. Wapinzani wa chama chake walilitwaa Bunge la Mississippi kwa vitisho na umwagaji damu katika uchaguzi wa 1875, na kipindi chake kilipokwisha mwaka 1881 hapakuwa na matumaini ya kurudi. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa Msajili wa Hazina, na sahihi yake ikachapwa kwenye noti za Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mweusi kupata nafasi hiyo. Hata wale waliomchukia walitembea na jina lake mfukoni.

Lakini alijaliwa pia kuona kodi ikigeuzwa silaha. Katiba mpya ya Mississippi ya mwaka 1890 iliweka kodi ya kichwa ya dola 2, na asiyeilipa hakupiga kura. Kwenye maandishi fedha hiyo ilikuwa ya kusaidia shule; kwa kweli ilikuwa kufuli la kuwafungia weusi nje. Bruce alirudishwa Hazina mwaka 1897, akafariki Washington tarehe 17 Machi, 1898, akiwa na umri wa miaka 57. Kodi ya kichwa kama sharti la kupiga kura iliondolewa kabisa Marekani miaka ya 1960.

Ndugu zangu, tuna mchango wetu wa paa la maabara. Nasikia baadhi yetu wamesita kutoa kwa sababu mchango wa awali haukutolewa hesabu. Siwalaumu, kwani baba yangu naye alijificha. Ninachopendekeza ni kwamba kila shilingi iliyoingia na kila bati lililonunuliwa liandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, mahali ambapo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataweza kusoma. Hesabu hiyo nipo tayari kuiandika mimi. Na hapo, mkipenda, endeleeni kuniita Zakayo.