Mwana wa mtumwa aliyetikisa Paris kwa upanga

Hebu fikiria uko na miaka 13, mamako ni mtumwa, na unapelekwa shule ya upanga jijini Paris. Hayo ndiyo yaliyomkuta Joseph Bologne, mzaliwa wa Guadeloupe, 1745. Babake alikuwa Mfaransa mwenye mashamba ya miwa.

Upanga wenyewe si panga ya kufyekea nyasi, we! Ni chuma chembamba. Unarudia hatua za miguu, kukinga na kudunga hadi mwili ujue kabla ya kichwa. Mwalimu La Boëssière alimnoa, akaiva. Kisha mwalimu mwingine, Picard wa Rouen, akamtusi hadharani kwa sababu ya rangi yake. Joseph akamfuata huko huko Rouen, akamnyorosha mbele ya watu. Baba akamzawadi farasi na kigari.

Kwenye fidla pia alikuwa moto. Mwaka wa 1776 jina lake likatajwa kuongoza Opera ya Paris. Wasanii kadhaa wa kike wakamlilia malkia, ati hawawezi kuamriwa na chotara. Sasa hapo utamdunga nani? Kazi ikampita.

Mapinduzi yalipokuja aliongoza kikosi cha wanajeshi weusi na machotara kupigania Ufaransa iyo hiyo. Ikamtia jela 1793. Alipotoka alirudia fidla yake hadi alipofariki 1799.