Tahir Haddad: Mtoto wa Zaituna Aliyekataliwa na Zaituna

Kila yanapozuka mabishano barazani juu ya haki za mwanamke katika Uislamu, haupiti muda mtu atasema kwamba maneno hayo yameletwa na Wazungu. Yako kweli yaliyoletwa na Wazungu. Lakini yuko mtu mmoja ambaye shutuma hiyo haimshiki vizuri, naye ni marehemu Tahir Haddad wa Tunisia. Elimu yake ilikuwa ya Kiarabu na ya dini, na hoja zake alizichota kisimani mwetu wenyewe.

Alizaliwa mjini Tunis mwaka 1899, katika jamaa iliyotoka kusini, upande wa Gabes. Alianza kwa Kurani kama tulivyoanza sote, kisha mwaka 1911 akaingia Zaituna, msikiti mkongwe uliokuwa kiwanda cha makadhi na mamufti wa nchi ile. Akatoka na shahada yake mwaka 1920, wakati Mfaransa ana miaka 39 tangu aitawale Tunisia, na chama cha Destour ndiyo kwanza kinazaliwa. Haddad akajiunga nacho. Mwaka 1924 akashirikiana na rafiki yake Muhammad Ali al-Hammi kuunda chama cha wafanyakazi cha Watunisia wenyewe. Wafaransa hawakukivumilia: viongozi walikamatwa, na al-Hammi akafukuzwa nchini. Haddad alibaki akaandika kitabu juu ya wafanyakazi hao, kikatoka mwaka 1927.

Nimeyataja haya kwa sababu watu humkumbuka kwa kitabu kimoja tu, wakadhani alikuwa mtu wa kukaa na kalamu yake chumbani. Alianza kwa mnyonge wa bandarini kabla hajafika kwa mnyonge wa jikoni.

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1930, nacho kilimhusu mwanamke katika sharia na katika jamii. Ndani yake alitaka wasichana wasomeshwe, talaka ipitie mbele ya kadhi badala ya kutoka mdomoni mwa mume aliyeghadhibika, na ukewenza ukomeshwe. Hakuficha alikokuwa akienda: aliwaandikia wanachuoni wakubwa wa Zaituna maswali, na majibu yao akayapiga chapa ndani ya kitabu kile kile.

Hoja yake ilikuwa hii. Yako mambo ambayo Uislamu umekuja kuyasimamisha milele, kama tauhidi na uadilifu. Yako na mengine ambayo uliwakuta watu nayo, ukayapunguza kidogo kidogo kwa kuwa wasingeweza kuyaacha kwa siku moja. Mfano wake ulikuwa utumwa. Sisi wa pwani mfano huo tunaujua kuliko tunavyopenda kusema. Kwetu Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907 na serikali ya Kiingereza. Tunisia, Ahmad Bey aliufuta mwaka 1846, miaka 35 kabla ya Mfaransa kuingia, na mamufti wake wakamuunga mkono. Haddad akauliza: ikiwa tumeweza kuuona mwelekeo wa dini katika jambo la mtumwa, mbona tusiuone katika jambo la mke?

Waliompinga nao hawakuwa na hoja nyepesi. Utumwa haukuamrishwa popote, hali mafungu ya mirathi yametajwa kwa hesabu ndani ya Kurani, na Haddad aliyagusa hata hayo. Hapo mimi niko karibu zaidi na masheikh kuliko naye. Wala sikuipenda kauli yake alipoufananisha ukaya wa uso na kile kifungo anachovishwa mbwa mdomoni asiume. Mwenye kutaka kusikilizwa na akina mama wa watu hazungumzi hivyo.

Lakini hoja hujibiwa kwa hoja, na Zaituna haikuishia hapo. Kamati iliundwa, kitabu kikalaaniwa. Sheikh Muhammad Salih ibn Murad akaandika kitabu kizima cha kumjibu, akakipa jina la kuchezea maneno ambalo mtu wa mashairi hawezi kulipita: alitumia neno la Kiarabu la eda ya msiba, linalokaribiana na jina la Haddad, ambalo maana yake ni mhunzi. Ikawa ni kumwekea eda mwanamke wa Haddad. Hilo ni jibu la kalamu, nami silikatai. Ninalolikataa ni kuondolewa katika mtihani wa sheria aliokuwa amejiandaa kuufanya. Magazeti yalimtukana, na chama chake cha Destour hakikumtetea. Akaishi kwa upweke na maradhi ya kifua, akafa Desemba 1935 akiwa na miaka 36 tu. Waliomzika walikuwa wachache. Mola amrehemu.

Katika mwaka huo huo wa 1930, hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti lake la Sahifa, na mwaka 1932 akafuatisha Al-Islah. Naye alikuwa akiwakemea Waislamu kwa kuiacha elimu. Hakwenda njia ya Haddad, lakini swali la kwa nini tumebaki nyuma lilikuwa moja.

Yaliyofuata Tunis yana ajabu yake. Mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya mazishi yale, jumuiya ya kwanza ya wanawake Waislamu wa Tunisia iliundwa na Bashira, binti wa Sheikh Ibn Murad huyo huyo. Na Habib Bourguiba, ambaye mwaka 1929 aliitetea hijabu kuwa ni nembo ya taifa, ndiye aliyetoa sheria ya ndoa tarehe 13 Agosti 1956: ukewenza ukawa kosa la kumtia mtu jela mwaka mmoja, na talaka ikapelekwa mahakamani. Haddad alishinda akiwa kaburini.

Ila mimi huuliza alishinda kwa njia gani. Machi mwaka ule Watunisia walichagua baraza la kutunga katiba, na wanawake hawakupiga kura. Sheria yao ilishuka kutoka juu kabla wao wenyewe hawajaulizwa, na kura ya kwanza waliipiga mwaka 1957. Bourguiba akajifanya rais wa maisha mwaka 1975, akaondolewa mwaka 1987. Kwa hiyo wengi walizoea kuyaona madai ya Haddad kuwa ni mali ya Ikulu.

Ilikuwa baada ya mapinduzi ya 2011 ndipo mjadala ulipoingia bungeni kwa kura za watu. Wabunge wengi wa kike walitoka chama cha Kiislamu cha Ennahda. Rasimu ya katiba ilipomtaja mwanamke kuwa mkamilishaji wa mwanamume, maelfu waliandamana tarehe 13 Agosti 2012, na neno lile likaondolewa.

Ikabaki mirathi, ambayo hata Bourguiba hakuyasawazisha mafungu yake. Mwaka 2018 Rais Beji Caid Essebsi alipeleka mswada wa usawa, ukimwachia mwenye mali uhuru wa kuchagua mafungu ya Kurani akipenda. Essebsi alifariki Julai 2019, na mswada ule haukupitishwa.