James Kirkman, Mfukuaji wa Gedi

Wanachama wenzangu, nani kati yetu hajawahi kuona mtu amevaa hirizi? Basi leo nawasimulia habari za Bwana James Kirkman, Mwingereza aliyefukua hirizi za nyumba.

Kirkman alizaliwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1948 alianza kuchimba Gedi, karibu na Malindi, mji wa Waswahili Waislamu uliohamwa ukamezwa na msitu. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kama kumi. Alifukua msikiti mkubwa, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Milangoni palipatikana fingo, vyungu vilivyozikwa ili jini alinde nyumba na kumtia wazimu mwenye nia mbaya.

Mimi nampendea jambo moja: hakusahau kitu kilitoka wapi. Hata nyumba zenyewe zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana humo, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri. Fingo ukiing'oa mlangoni ukaiuza, jamani, ni chungu tu!

Baadaye Fort Jesus, Mombasa, ikawa makumbusho, naye akaisimamia. Alifariki mwaka wa 1989.

Huku kwetu Matulo, bangili za shaba za mababu huuzwa kwa kilo kama vyuma vikuukuu. Kabla ya kuuza, tumwulize babu ilikuwa ya nani. Makumbusho ya Kitale si mbali. Mwacha mila ni mtumwa.