Mwenda Jean Bosco: kutoka barabara za Likasi hadi tamasha la Newport mwaka 1969

Kati ya wanamuziki wa Kongo walioimba kwa Kiswahili, ni wachache waliosikilizwa mbali kama hayati Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika Katanga, na aliaga dunia mwezi wa tisa 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Kati ya tarehe hizo mbili kuna gitaa moja la mbao, vidole viwili, na safari iliyomtoa kwenye barabara za mji wa migodi hadi Nairobi, Marekani, Ulaya na Cape Town.

Maisha yake yanawagusa wakaaji wa Goma hata kama yeye alikuwa mtu wa kusini. Aliimba kwa lugha wanayoisema. Tena alijibu kwa vitendo swali ambalo kila kijana anayebeba gitaa hapa mjini anajiuliza: je, msanii wa mashariki ya Kongo anaweza kufika kwenye jukwaa kubwa la dunia, na akifika, atakula nini siku ya kurudi nyumbani?

Mtoto wa Bunkeya

Bunkeya si kijiji cha hivihivi katika historia ya nchi. Ndipo M'Siri, mfalme wa Wayeke, alipoweka makao makuu ya ufalme wa Garenganze katika karne ya 19. Wayeke walitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, wakifuata njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu. M'Siri aliuawa mwezi wa kumi na mbili 1891, na nchi yake ikaingia mikononi mwa dola la mfalme Leopold II. Jina la Mwenda lilikuwa la M'Siri mwenyewe, na watawala waliomfuata waliendelea kulibeba.

Jina lingine la mtoto huyo lilitoka upande wa misioni. Yohana Bosco alikuwa padri wa Italia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walikuwa wakifundisha katika Katanga tangu mwaka 1911. Kwa hiyo majina yake mawili yalikutanisha pande mbili za Katanga ya wakati ule: ufalme wa zamani wa shaba, na shule za wamisionari.

Akiwa kijana alihamia Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Ilikuwa miji ya kompani ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906. Wafanyakazi walitoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Watu wa makabila mengi walilala kambi moja na kuzungumza Kiswahili kazini, sokoni na kwenye pombe. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho cha migodi, lakini pia kwa Kisanga, Kiluba na Kibemba, kulingana na watu waliokuwa mbele yake. Nyimbo zake zilisimulia mapenzi, ndoa na maisha ya mjini.

Siku ya mwaka 1952

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, alifika Jadotville na vyombo vyake vya kurekodia. Alikuwa akizunguka nchi nyingi za Afrika kukusanya muziki, kazi iliyozaa mkusanyo wa sahani zaidi ya 200. Barabarani alimkuta kijana wa miaka 22 akipiga gitaa, akamrekodi papo hapo.

Moja ya vipande vya wakati ule ni Masanga, ambacho kilipata tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Kompani ya Gallo ya Johannesburg ilitoa sahani zake, nazo zikasambaa kusini na mashariki mwa bara. Jina lake lilijulikana katika miji ambayo hajawahi kuikanyaga.

Kilichowashangaza watu ni namna ya kupiga. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kutembeza besi bila kusimama. Kidole cha shahada kilicheza sauti ya juu kwenye nyuzi nyembamba, mara kikifuata gumba, mara kikipita katikati ya mapigo yake. Msikilizaji asiyemwona alidhani ni watu wawili wanaopiga pamoja. Mtaalamu David Rycroft aliandika vipande hivyo nota kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wasomi wa muziki wakaanza kumchunguza mpiga gitaa wa Katanga kwa makini kama wanavyochunguza mabwana wa muziki wa Ulaya.

Mji wa sanaa wenye milango miwili

Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ndio uliokuwa mji mkubwa wa sanaa wa upande ule, na ndipo Mwenda alipoishi sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Humo walitoka wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1956 mji ulipata jengo kubwa la tiyatri. Vijana wa kikundi cha JECOKE, ambamo alikuwemo mpiga gitaa Edouard Masengo, walichanganya nyimbo, ngoma na michezo ya kuchekesha.

Lakini ulikuwa mji wa kikoloni. Wazungu walikaa katikati ya mji, Waafrika kwenye mitaa yao. Picha ya mchoraji Mwafrika iliweza kutundikwa katika nyumba ambamo yeye mwenyewe asingekaribishwa mezani. Muziki wa Mwenda ulikomaa upande wa pili: kwenye sherehe za arusi, kwenye baa, uani kwa jirani. Ndiyo maana gitaa la mkono lilifaa sana. Halikuhitaji umeme, wala jengo, wala ruhusa ya mtu.

Katika miaka hiyo muziki haukuwa kazi yake pekee. Alifanya kazi ya mshahara kama vijana wengine waliopata shule, na gitaa lilichukua saa zilizobaki. Desturi hiyo hakuiacha hata alipokuwa na jina kubwa.

Nairobi inamsikia

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi. Mtayarishaji Peter Colmore alikuwa akiwaleta wanamuziki wa Kongo nchini Kenya, na Masengo, ndugu yake wa ukoo, naye alikwenda huko. Makampuni ya biashara yalikuwa yametambua kwamba wimbo mzuri unauza kuliko maneno matupu. Mwenda alipiga muziki wa kutangaza vidonge vya Aspro, Masengo akatangaza Coca-Cola. Mwenda alipata pia kipindi cha kawaida redioni, na redio ikaingiza gitaa lake katika nyumba za watu.

Vijana wa Kenya walisikiliza, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa vidole wa miaka ya 1950 na 1960 nchini Kenya kilijifunza mengi kutoka kwa Wakatanga hao wawili. Hawakuiga tu. Walichukua mwendo wa gumba na shahada wakautia katika nyimbo za kwao. Hapo ndipo ilipoonekana nguvu ya Kiswahili: mtu wa Likasi aliimba, na mtu wa Nairobi hakuhitaji kutafsiriwa.

Nyumbani mambo yalikuwa yakibadilika kwa haraka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, na vita vya kujitenga vikaendelea hadi mwezi wa kwanza 1963. Mji wa Mwenda ukawa mji wa askari, wakimbizi na vizuizi vya barabarani. Sahani zake ziliendelea kupita mipaka wakati ambapo watu wenyewe walishindwa kupita.

Kiangazi cha 1969

Mwezi wa saba 1969 Mwenda Jean Bosco alipanda kwenye jukwaa la tamasha la muziki wa kienyeji la Newport, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Tamasha hilo lilianzishwa mwaka 1959, na lilikusanya maelfu ya watu wakati wa majira ya joto kando ya bahari. Miongoni mwa waliolijenga ni Pete Seeger, mwimbaji aliyeamini kwamba wimbo wa mfanyakazi una heshima sawa na wimbo wa jumba la opera.

Mwaka ule walikuwepo pia Johnny Cash, Joni Mitchell, Muddy Waters na kijana James Taylor. Siku hizohizo dunia ilikuwa na macho juu: tarehe 20 mwezi wa saba Wamarekani wawili walitua mwezini, na habari hiyo ilitangazwa kwa watu waliokuwa tamashani. Huko ndiko alikofika mtu aliyezaliwa Bunkeya, na gitaa la mtindo uleule aliorekodiwa nao barabarani miaka 17 nyuma.

Newport ya 1969 ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu. Tamasha la muziki wa kienyeji halikufanyika tena pale hadi mwaka 1985. Kwa hiyo Mwenda aliingia kupitia mlango uliokuwa karibu kufungwa.

Kurudi katika Zaire

Angeweza kutafuta maisha ng'ambo, lakini alirudi. Mapema katika miaka ya 1970 Rais Mobutu aliibadilisha Kongo kuwa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na mwaka 1972 wananchi waliamriwa kuacha majina ya Kikristo. Jean Bosco likaondoka. Akajulikana kama Mwenda wa Bayeke, jina lililomrudisha kwenye ukoo wa Bunkeya.

Wakati huo masikio ya watu yalikuwa yamehamia kwenye magitaa ya umeme. Orkestra za Kinshasa zilikuwa na ala za kupuliza, ngoma za kisasa na waimbaji wengi, nazo zilitawala redio ya taifa. Mtu mmoja na gitaa la mbao alionekana wa zamani. Mwenda hakulalamika akakaa chini. Aliongoza orkestra yake mwenyewe, Super Shaba, na alikuwa na hoteli huko Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Muziki ulimpa jina, biashara ikampa chakula.

Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba kujifunza kutoka kwake na kwa wenzake. Mwaka 1982 Mwenda alipiga gitaa Ulaya. Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, aliingia studio huko Cape Town na kurekodi upya nyimbo zake. Vidole vilikuwa vya mzee kidogo, lakini gumba halikupoteza njia. Miaka miwili baadaye alikuwa amekufa. Kazi hiyo ya Cape Town ilitoka katika diski mwaka 1994, na wengi walimjua kwa mara ya kwanza baada ya mazishi yake.

Alichoacha kwa mashariki

Goma nayo imekuwa na majira yake ya sanaa. Tamasha la Amani lilianza mwaka 2014 na kuleta pamoja wanamuziki na vijana kutoka nchi jirani. Kituo cha Yole!Africa kilianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu, ambalo kwa miaka mingi lilikusanya watu mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimeshika, kwa sinema, ngoma na muziki. Matamasha hayo yalikua katika mji uliopigwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na uliopitia vita mara nyingi. Mji ulipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege na benki vilifungwa, na kuita wasanii kutoka mbali kukawa jambo gumu.

Hapo ndipo maisha ya Mwenda yanapokuwa na maana zaidi ya kumbukumbu. Hakungoja mji wake utulie ndipo apige. Alifanya kazi chini ya ukoloni, wakati wa kujitenga kwa Katanga, na chini ya Mobutu, kila mara kwa ala ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba begani. Hakuacha pia kazi ya mkate wake kwa sababu ya makofi ya siku moja. Wala hakuacha lugha yake ili wageni wampende.

Lakini kuna upande wa hasara. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za muziki wake ilihifadhiwa na watu wa nje: Tracey kule Afrika ya Kusini, Rycroft na Low kule Uingereza. Kama gari la Tracey lisingepita Jadotville mwaka 1952, huenda Masanga ingebaki wimbo wa mtaa mmoja na kupotea pamoja na waliousikia. Wapo wapiga gitaa wengine wa wakati ule ambao hakuna aliyewarekodi. Leo simu ya kijana wa Birere au Katindo inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji gari zima la vyombo. Mzee anayejua nyimbo za mtaa wake anaweza kurekodiwa jioni hii, kabla hajaondoka nazo.

Mwenda Jean Bosco aliishi miaka 60. Masanga bado inafundishwa na wapiga gitaa wa Afrika, Ulaya na Marekani, na kila anayeijaribu anakutana na shida ileile: gumba linataka kusimama, na halitakiwi kusimama.