Caesar Rodney na Safari ya Usiku wa Mvua

Habari za George Washington na Thomas Jefferson tumezisoma wengi darasani. Leo napenda kuwaeleza habari za mtu mwingine wa nchi ya Marekani, ambaye hakuwa na jina kubwa kama lao, lakini safari yake ya usiku mmoja inakumbukwa hata leo.

Caesar Rodney alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1728 katika shamba la wazazi wake karibu na mji wa Dover, Delaware. Alikuwa mrefu na mwembamba sana, na uso wake ulikuwa mdogo mno, hata John Adams alipomwona mwaka wa 1774 aliustaajabia. Alisumbuliwa na pumu. Tena alipatwa na kansa usoni, akatibiwa na waganga wa Philadelphia, lakini hakupona. Husimuliwa kwamba alikuwa akikifunika kidonda chake kwa kitambaa cha hariri.

Mwaka wa 1776 wajumbe wa makoloni 13 ya Waingereza walikutana Philadelphia kushauriana kama wajitenge na Mfalme wa Uingereza. Kila koloni lilikuwa na kura moja tu. Delaware ilikuwa na wajumbe watatu. Tarehe 1 Julai wawili tu walikuwapo: Thomas McKean alitaka uhuru, George Read alikataa. Basi kura ya Delaware ikawa si ndiyo wala si hapana. Rodney, mjumbe wa tatu, alikuwa nyumbani Delaware, kwa maana yeye pia alikuwa mkuu wa askari wa huko, na watu wengi walikuwa bado upande wa Mfalme. McKean akatuma tarishi mbio kumwita.

Kutoka Dover mpaka Philadelphia ni mwendo wa maili 70 na zaidi. Barabara za siku zile zilikuwa za udongo, na njiani kuna mito ya kuvuka. Usiku ule mvua ilinyesha pamoja na ngurumo, ikamchelewesha. Watu wa Delaware husimulia kwamba alikwenda juu ya farasi. Mgonjwa wa pumu, mwenye umri wa miaka 47, katika giza na matope! Lakini tarehe 2 Julai aliwasili kwa wakati, akaitia kura yake upande wa uhuru. Siku hiyo makoloni 12 yalikubali, na hakuna hata moja lililokataa. New York peke yake haikupiga kura.

Je, alishangiliwa kwao? La. Mwaka ule ule watu wa wilaya yake walikataa kumchagua tena, kwa sababu hawakuipenda kura ile. Yeye hakususa. Aliendelea kukusanya askari na vyakula vya vita, na tangu 1778 hata 1781 alikuwa mkuu wa serikali ya Delaware. Alifariki tarehe 26 Juni 1784, kansa ikiwa haijamwacha. Hakuoa.

Kuna jambo moja ambalo sipendi kulificha. Mtu huyu aliyepigania uhuru alikuwa na watumwa shambani mwake. Mwaka wa 1999 sarafu ya Marekani ilitolewa yenye picha yake juu ya farasi, lakini mwaka wa 2020 sanamu yake katika mji wa Wilmington, iliyosimamishwa mwaka wa 1923, iliondolewa kwa ajili ya habari hiyo ya utumwa.

Mimi naona yote mawili ni kweli, nasi yatupasa kuyajua yote mawili. Tuige ushupavu wake, maana aliitwa akiwa mgonjwa, usiku, mvua ikinyesha, naye akaenda. Lakini tukitaka uhuru, ndugu zangu, tuutake na kwa yule anayetulimia shamba.