Stefanie Zweig (1932–2014): Mtoto Mkimbizi, Kiswahili cha Jikoni na Filamu

Stefanie Zweig alizaliwa tarehe 19 Septemba 1932 katika mji mdogo wa Leobschütz, Silesia ya Juu. Wakati huo mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Leo uko Polandi na unaitwa Głubczyce. Baba yake, Walter, alikuwa wakili. Mtoto hakuwa ametimiza hata miezi mitano Adolf Hitler alipotwaa uongozi wa serikali mwezi wa Januari 1933, na tangu hapo Wayahudi wa Ujerumani wakaanza kunyang'anywa kazi, mali na hatimaye uraia wao. Silesia ya Juu ilichelewa kidogo kuonja shubiri hiyo kwa sababu ililindwa na mkataba wa Geneva wa mwaka 1922 uliohusu haki za jamii ndogo. Mkataba huo ulipokoma mwezi wa Julai 1937, ngao ilianguka. Wakili asiye na ruhusa ya kuingia mahakamani hana riziki, na baba mwenye mke na mtoto hawezi kuishi kwa matumaini.

Mwaka 1938 Walter alitangulia Kenya peke yake. Mke na binti walimfuata mwaka uo huo, wakati Stefanie alikuwa na umri wa miaka mitano. Waliwahi. Mnamo Novemba 1938 masinagogi yalichomwa kote Ujerumani, na mwaka uliofuata milango ya kutorokea ikaanza kufungwa. Jamaa wa karibu waliobaki nyuma hawakuonekana tena.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba filamu nyingi zinazosimulia habari za watoto wa Kiyahudi wa enzi ile huwa na mandhari ya Ulaya. Au Revoir les Enfants ya Louis Malle (1987) inawasawiri wavulana waliofichwa katika shule ya bweni ya Kikatoliki nchini Ufaransa. Into the Arms of Strangers, filamu ya hali halisi ya mwaka 2000, inawafuata baadhi ya watoto wapatao 10,000 waliopelekwa Uingereza kwa treni na meli bila ya wazazi wao kati ya 1938 na 1939. Mtoto wa filamu hizo hujificha au hutenganishwa na wazazi. Stefanie hakuwa hivyo. Yeye alitoroka pamoja na wazazi wake, akaishi hadharani juani, na mahali alipokimbilia palikuwa koloni. Tofauti hii ndiyo inayoifanya filamu iliyotokana na maisha yake, Nirgendwo in Afrika, istahili kutazamwa kwa jicho kali na wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanafunzi wengine wowote.

Familia ilianzia Rongai, karibu na Nakuru, ambako Walter aliajiriwa kusimamia shamba la mlowezi. Alijua sheria, hakujua ng'ombe wala mahindi. Reli inayopita Rongai hupanda hadi Timboroa na Eldoret, kisha huchepuka Leseru kuelekea Kitale, huku njia kuu ikiendelea hadi Bungoma na Malaba. Msomaji wa Kitale au Bungoma anayedhani kwamba habari za Wayahudi ni za mbali na azingatie reli hiyo, kwani nyanda inazozikata zilikwisha kutajwa katika historia yao. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia kwa waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa viongozi wa harakati za Kizayuni pendekezo la kuwatengea Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi katika Afrika Mashariki. Ardhi iliyokaguliwa mwanzoni mwa 1905 ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu. Mkutano Mkuu wa Kizayuni ulilikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Wenye ardhi hawakuulizwa, si wakati wa kutoa wala wakati wa kukataa. Uwanda ule ukaja kuwa wa walowezi wengine, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Trans Nzoia nayo ikagawiwa wazungu, wakiwemo askari waliostaafu. Wabukusu na Wasabaot wakawa vibarua na maskwota katika mashamba ya nchi ambayo wazee wao walilisha mifugo.

Vita vilipozuka Septemba 1939, kioja kilitokea. Watu waliomkimbia Hitler walihesabiwa na serikali ya kikoloni kuwa raia wa nchi adui kwa sababu tu walitoka Ujerumani. Walter alitiwa kizuizini pamoja na wanaume wenzake. Wanawake na watoto waliwekwa katika hoteli jijini Nairobi. Kizuizi hicho hakikudumu, na baadaye familia ilihamia shamba jingine huko Ol Joro Orok. Walter mwenyewe alikuja kuvaa sare ya jeshi la Uingereza kabla ya vita kwisha. Stefanie alipelekwa katika shule ya bweni Nakuru, shule ya watoto wa kizungu iliyofundisha kwa Kiingereza.

Hivyo mtoto huyu akawa na lugha tatu zenye makazi matatu. Kijerumani kilikaa chumbani mwa wazazi, pamoja na barua, hofu na ugomvi wao. Kiingereza kilikaa shuleni. Kiswahili kilikaa jikoni na uani, kwa mpishi na kwa watoto wa wafanyakazi, na huko ndiko alikochekea.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kipi? Swali hili haliwasumbui wahakiki wa Ulaya, lakini haliepukiki hapa. Hakikuwa Kimvita wala Kiunguja. Kilikuwa kile ambacho wanaisimu wamekiita Kisetla: lugha ya amri kati ya mlowezi na mtumishi, isiyojali upatanisho wa ngeli, yenye vitenzi vichache na msamiati wa kuni, maji, chai na haraka. Wazee wengi waliofanya kazi katika mashamba ya Kitale wanaikumbuka vizuri, na si kwa mapenzi. Ajabu ni kwamba mtoto mmoja aliichukua lugha hiyo iliyoumbwa kwa ajili ya kuamrisha, akaitumia kuulizia majina ya vitu, kusimulia na kuliwaza. Riwaya aliyokuja kuiandika imesheheni maneno ya Kiswahili, na mhusika wake Regina anajifunza pia lugha za Kiafrika za watu wanaomzunguka. Huenda hakuna riwaya nyingine ya Kijerumani iliyowafikishia wasomaji wengi hivyo neno la Kiswahili likiwa limebeba upendo badala ya maajabu ya safari za kuwinda.

Mwaka 1946 alizaliwa ndugu yake, Max, na mwaka 1947 familia ikarudi Ujerumani, kwa kuwa Walter alipewa kazi ya ujaji Frankfurt. Uamuzi ulikuwa wa baba. Mji ulikuwa magofu, chakula kilikuwa cha mgao, na miongoni mwa majirani walikuwemo waliounga mkono mauaji ya jamaa zao. Binti aliyekaribia miaka kumi na mitano ilimbidi ajifunze upya kusoma na kuandika lugha yake ya kwanza, na lafudhi ya Kiingereza ilimganda kwa miaka kadhaa. Wengi husema kwamba mkimbizi hupoteza lugha anapoondoka kwao. Stefanie aliipoteza nyingine aliporudi.

Baada ya shule aliingia katika uandishi wa habari. Kwa miaka mingi alilitumikia gazeti la Abendpost/Nachtausgabe la Frankfurt, na tangu 1963 hadi gazeti lilipofungwa mwaka 1988 alikuwa mkuu wa kurasa zake za sanaa na utamaduni. Vitabu alianza kwa kuwaandikia vijana. Ein Mund voll Erde (1980), kinachosimulia mapenzi ya utotoni kati ya msichana na mvulana wa Kikuyu, kilimletea tuzo. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini Nirgendwo in Afrika ilipotoka mwaka 1995. Mwaka uliofuata ukaja mwendelezo wake, Irgendwo in Deutschland. Majina hayo mawili yanachezeana kwa namna ambayo Kiswahili hakiwezi kuiga kwa urahisi: la kwanza linakanusha mahali, kana kwamba ni Afrika ambako si popote, la pili linakubali mahali fulani Ujerumani, bila kusema ni wapi.

Filamu iliongozwa na Caroline Link na kuanza kuonyeshwa Ujerumani mwishoni mwa 2001. Ilipata tuzo kuu ya filamu ya Ujerumani mwaka 2002, na mwezi wa Machi 2003 ikashinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Link alishikilia kwamba picha zipigwe Kenya kwenyewe badala ya Afrika Kusini, na uamuzi huo unaonekana katika kila tone la vumbi. Wahusika huzungumza Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Walter anaigizwa na Merab Ninidze, mkewe Jettel na Juliane Köhler, Regina na Lea Kurka na kisha Karoline Eckertz, na mpishi Owuor na Mkenya Sidede Onyulo.

Onyulo ndiye nguzo ya filamu. Anapomuuguza Walter mwenye malaria, anapopokea joho jeusi la uwakili lisilo na kazi tena shambani, na hasa anapombeba mtoto mara tu anaposhuka garini, mtazamaji anaelewa bila kuelezwa kwamba mwenyeji ni nani na mgeni ni nani. Jettel, aliyeagizwa alete jokofu akaleta gauni la dhifa, hujifunza polepole. Walter anamkaripia kwamba anamtendea Owuor vile Wayahudi wanavyotendewa Ujerumani, na karipio hilo ni mojawapo ya mambo ya haki kabisa katika filamu nzima. Vilevile kuna onyesho la shuleni ambapo watoto wa Kiyahudi wanasimamishwa kando wenzao wakisali. Ubaguzi uliowafukuza Ulaya uliwahi kufika Nakuru kabla yao.

Hata hivyo, filamu inasita mahali ambapo ingepaswa kuingia. Mtazamaji hapelekwi nyumbani kwa Owuor. Haambiwi shamba lile lilikuwa la nani kabla ya mlowezi, wala kwa nini Mjaluo apike katika nyanda ambazo sheria ilimkataza kumiliki. Nzige wanakuja na kuondoka, siasa haiji. Ilhali katika miaka iyo hiyo, huko Maeni na Kimilili, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alikuwa akiwataka wazungu waondoke, na serikali ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu 1945. Aliachiliwa mwaka 1947, mwaka ambao Stefanie aliipa Kenya kisogo. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi. Kimbilio la mtoto mmoja lilikuwa nchi ya watoto wengine walioonywa wasivuke ua.

Je, lawama hii imwangukie Zweig? Si kwa haki. Aliandika alichokiona mtoto, na mtoto aliona jikoni. Kosa lingekuwa la mhakiki anayeichukulia jikoni hiyo kuwa Kenya yote. Isitoshe, filamu ina uaminifu wake. Owuor hasubiri kuachwa. Anaondoka mwenyewe kabla ya familia, pamoja na mbwa wao, na kwa kuondoka hivyo anajirudishia heshima ambayo ajira haikumpa. Kisha treni inasimama njiani, na mwanamke wa Kiafrika anampa Jettel ndizi baada ya kujua hana pesa. Filamu inaishia hapo, kabla ya Frankfurt na njaa yake.

Baada ya Oscar vitabu vya Zweig vilizidi kuuzwa, hata jumla yake ikafikia mamilioni. Aliendelea kuandika uzeeni, ukiwemo mfululizo kuhusu familia ya Kiyahudi ya Frankfurt ulioanza mwaka 2007. Mwaka 2012 alichapisha tawasifu, safari hii bila pazia la riwaya, chini ya jina Nirgendwo war Heimat, yaani hapakuwa na kwao popote. Alifariki Frankfurt tarehe 25 Aprili 2014, akiwa na umri wa miaka 81.